Kofi Linapokaa Mahali pa Kina

Mtu aliyekua akisikiliza mashairi ya Kiswahili hulihisi neno la mwisho wa mshororo kabla mghani hajalifikia, kwa kuwa kina kimekwisha kumwandalia sikio. Mazoea hayo ndiyo yaliyonifanya niitazame mara tatu filamu fupi ya Woman Haters, iliyotolewa na kampuni ya Columbia mwezi Mei 1934, filamu ya nyeusi na nyeupe isiyofika dakika 20, ambayo karibu maneno yake yote husemwa kwa vina huku muziki wa jazi ukipigwa chinichini. Mwelekezi wake, Archie Gottler, alikuwa mtunzi wa nyimbo, na jambo hilo linasikika tangu mwanzo. Maoni yangu ni kwamba vina hivyo hivyo ndivyo vinavyoinyima filamu hii kicheko.

Kisa chenyewe ni chepesi. Moe Howard, Larry Fine na Curly Howard, yaani Three Stooges, kundi la wachekeshaji wa Marekani, katika filamu yao ya kwanza kwa Columbia, wanajiunga na chama cha wanaume walioapa kukaa mbali na wanawake. Larry, anayeitwa Jim humu, amekwisha kumpenda binti aitwaye Mary. Anapotaka kurudi nyuma, baba wa binti anamsimulia yaliyompata kijana mwingine aliyejaribu kumkimbia dada yake Mary siku ya harusi, na simulizi hiyo inatosha kumfikisha kwenye ndoa. Fungate ni safari ya treni, na wenzake wawili nao wamo humo humo.

Katika malumbano yetu ya ushairi, kina ni silaha: anayejibu huchukua vina vya mpinzani wake, akavitumia kumrudishia kejeli, na wasikilizaji hucheka kwa sababu wanasubiri kuona atatokaje katika mtego ule. Woman Haters haina subira hiyo. Mishororo inakwenda miwili miwili, sikio linapata haki yake papo hapo, kisha hesabu inaanza upya, na kila jozi inafunga mlango ambao kichekesho kingependa ubaki wazi. Anayeumia zaidi ni Curly, ambaye kipaji chake kikubwa ni milio na mibweko isiyo maneno. Mtu wa namna hiyo ukimpa mizani ya kutimiza, umemfunga mikono. Makofi na vidole vya machoni vinafika kwa wakati, tena kwa wakati mno, vikikaa pale pale ambapo kina kingekaa, na kofi lililotarajiwa namna hiyo halichekeshi sana. Nilipoitazama mara ya tatu nilizima sauti, na nakiri kwamba nilicheka zaidi, hasa pale Moe na Curly wanapomwingiza kondakta wa treni katika chama chao kwa kichapo. Kondakta huyo ni Walter Brennan, ambaye baadaye alishinda tuzo tatu za Oscar.

Hata hivyo, yupo mtu mmoja ambaye sauti yake sikutaka kuizima. Marjorie White, anayeigiza Mary, anaibeba filamu hii kama mwenye nyumba aliyetembelewa na wageni wasiojua pa kukaa. Ili kumtia mumewe wivu, anawaimbia wale wawili mmoja baada ya mwingine maneno yale yale ya mapenzi, na hapo muziki unafanya kazi yake, kwa sababu kurudiwa kwa wimbo ndiko kunakochekesha: mtazamaji anajua kwamba kiapo kimeanza kulegea kabla mwenye kuapa hajajua. Mwishowe anawavamia wote watatu kitandani, nao wanaishia nje ya dirisha la treni. Hii ilikuwa filamu yake ya mwisho, kwani alifariki mwaka 1935 kutokana na ajali ya gari.

Sidhani kwamba muziki na kundi hili havikupatana. Katika filamu yao iliyofuata, Punch Drunks, ya mwaka huo huo, Curly ni mhudumu wa mgahawa anayepandwa na wazimu kila asikiapo wimbo fulani wa watoto, na Moe, meneja wa mabondia, anamgeuza kuwa bondia kwa hila hiyo, Larry akimpigia fidla kando ya ulingo. Fidla inavunjika katikati ya pambano. Larry anatoka mbio mitaani kutafuta wimbo ule popote utakapopatikana, na Curly anaendelea kupigwa hadi lori lenye kipaza sauti linapouleta mpaka ndani ya ukumbi. Hakuna anayesema kwa vina humo, na nimeitazama bila kuigusa sauti.