Ile klipu ya trela getini: maelezo ya mshtakiwa mwenyewe

Kwa kuwa Mwenyekiti ameshairusha ile klipu kwenye magrupu yote, hadi lile la ukoo ambako mama yangu mzazi yumo na kaniuliza kama nimepigwa na kimbunga, naomba na mimi nisikilizwe. Kwa ambao hawajaiona: ni trela langu likichomoka nyuma ya pikapu kwenye geti la kambi. Klipu ina sekunde chache za mwisho tu, na sauti ya Mwenyekiti nyuma yake ikisema "hao ndio wataalamu wetu wa Marekani". Haionyeshi yaliyotangulia. Wala sisemi kwamba yaliyotangulia yananisafisha.

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu. Kwa wageni: mimi ni dereva wa semi. Kabla ya kuja Texas nimeshuka Kitonga na mzigo wa mbolea, nimelala foleni Tunduma, na mizani ya Vigwaza nimeipita mpaka nikaichoka. Huku navuta gari ambalo likijaa linafika paundi 80,000, yaani tani 36 na ushee. Mtu wa aina hiyo umwonyeshe trela la kupiga kambi, lina vitanda, jiko la gesi na mapazia ya maua, unategemea afanye nini? Nilicheka. Niliuliza kama linakuja na mwanasesere wake.

Trela lenyewe ni futi 31. Karatasi iliyobandikwa ubavuni inasema tupu lina paundi 6,900, na likijaa lisizidi 8,900. Pikapu yangu ni ya daraja linaloitwa nusu tani, hizo mnazoziona kila kona Garland, na kipeperushi chake kilisema inavuta hadi paundi 11,000. Nikatoa 8,900 kwenye 11,000, ikabaki 2,100. Nikamwambia mama Junior tuna akiba ya karibu tani nzima, tubebe tu.

Sasa wale mlioanza kuniuliza pembeni "na mimi nataka kununua trela, pikapu gani inafaa", sogeeni hapa kabla sijafika getini. Ile namba ya kipeperushi ni ya gari karibu tupu lenye watu wawili wembamba ndani. Namba yenu iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwenye stika yenye mstari wa njano: watu na mizigo kwa pamoja wasizidi kiasi fulani. Yangu inasema 1,480. Trela halivutwi tu, linakulalia mgongoni pia. Shingo yake, ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye pikapu, inatakiwa ikandamize pikapu kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela likiwa na mizigo yake, na uzito huo wote unakula kwenye 1,480 yako.

Letu lilipokuja kupimwa (nafika huko, msinikimbize) lilikuwa na paundi 8,300, na shingo 1,150. Kwa nini shingo nzito hivyo? Mitungi miwili ya gesi na betri vimekaa juu yake, na tangi la maji liko chini ya kitanda cha mbele. Galoni 50, kila galoni paundi 8 na kitu, hapo tayari ni zaidi ya paundi 400 za maji. Tulilijaza nyumbani pomoni kwa sababu mama Junior hayaamini maji ya kambini. Ongeza watu watano, jumla paundi 760, na msiulize nani kachangia zaidi. Ongeza jenereta, mkaa, boksi la barafu lenye nusu mbuzi na sufuria kubwa la pilau kwenye bodi ya pikapu, 260. Jumlisheni wenyewe. Tulipitiliza stika kwa paundi 690.

Na msidhani dawa ni kuhamishia mizigo nyuma ya trela ili shingo iwe nyepesi. Ikishuka chini ya ile asilimia 10, trela linaanza kuyumba kushoto kulia, na likipitwa na semi kwenye upepo wa huku, pikapu ndiyo inayoanza kulifuata trela.

Kuna stika nyingine, chini kabisa kwenye ile soketi ya mraba unapochomeka kiungio. Hiyo lazima upige magoti kuisoma. Yangu ina mistari miwili: ukining'iniza trela hivi hivi, mwisho paundi 5,000 na shingo 500. Ukitumia kiungio cha kugawa uzito, kile chenye vyuma viwili vya springi vinavyorudisha sehemu ya uzito kwenye tairi za mbele za pikapu na kwenye ekseli za trela, mwisho 12,000 na shingo 1,200. Mimi sikuwa na springi. Niliviona dukani, nikaona bei, nikasema hivyo ni vya watu wasiojua kuendesha.

Ijumaa mchana tukafunga. Pikapu ilikuwa tayari na kichwa cha kuvutia, lile tufe la chuma, ambalo nilikuwa nalitumia kwa kijitrela cha mashine ya kukatia majani. Lina inchi 2. Kikombe cha trela hili, kile kinacholifunika tufe, ni cha inchi 2 na 5/16. Tofauti yake ni milimita 8 hivi, upana wa penseli ya Junior. Na ubaya wa milimita hizo ni kwamba hazikuzuii. Kikombe kikubwa kinakaa juu ya tufe dogo vizuri kabisa, komeo linashuka, pini inapita, na ukitingisha kwa mkono hakuna kinachocheza kwa sababu zaidi ya nusu tani imekilalia. Namba zimegongwa kwenye chuma pande zote mbili, juu ya tufe na juu ya kikombe. Mimi nasoma nyaraka za mzigo kila siku ya Mungu.

Shemeji, aliyekuwa utingo wangu siku hiyo, akauliza, "Shemeji, si tulijaribu kwanza na jeki?"

Jaribio lenyewe ni hili: ukishashusha komeo na kupitisha pini, unazungusha jeki ya trela kama unataka kunyanyua shingo. Kama kimeshika kweli, makalio ya pikapu yananyanyuka pamoja nayo. Kama hakijashika, kikombe kinachomoka hapo hapo uani, hakuna aliyeumia wala aliyerekodi. Ni sekunde 30. Kazini nikifunga tela siondoki bila kulivuta kidogo breki zake zikiwa zimeshika, kuona kama kingpini, ile pini ya kuunganishia tela, imeuma.

Nilimjibu shemeji, na nanukuu maana analirudia kila tukikutana: "Shemeji, hii ni baiskeli."

Mama Junior, ambaye alikuwa ameangalia video za mafunzo wiki nzima huku mimi nikimcheka, akasimamia kitu kimoja. Minyororo ya usalama ipishane chini ya shingo, wa kushoto uende kulia, wa kulia uje kushoto. Nikaipishanisha kumridhisha tu. Ule waya mwembamba wa dharura, unaochomoa pini yake na kufunga breki za trela likikatika lote, nikauzungushia ndoano ili usining'inie. Ukawa mfupi kuliko minyororo. Kumbukeni hilo.

Barabara ya 75 kuelekea Ziwa Texoma ilikuwa tamu. Usukani ulikuwa mwepesi kupita kiasi, nikasema gari limefurahi. (Tairi za mbele zilikuwa zinaning'inia tu. Makalio yakikaa chini, pua inapanda, na gari halina cha kushikia lami wakati wa kukata kona wala kufunga breki.) Giza lilipoanza, magari ya upande wa pili yakawa yananiwashia taa, moja baada ya jingine. Nikawaambia abiria wangu, mnaona watu wa Texas walivyo na adabu, wanasalimia. Nikawa napunga mkono. Taa zangu zilikuwa zinawamulika machoni, wakubwa kwa wadogo, na mimi nawapungia kama mbunge.

Mwenyekiti alitupita na Corolla yake, akapiga simu: "Kaka, mbona unamulika mbinguni?" Nikamwambia ni muundo wa gari.

Basi getini.

Geti la kambi lina tuta. Si tuta kubwa, ni yale ya kawaida. Mwenyekiti alikuwa ametangulia, amesimama pembeni na simu yake juu, "kutupokea". Nikapunguza mwendo. Nikafungua kioo. Nikatoa mkono.

Tairi za mbele zikapanda, zikashuka. Safi. Tairi za nyuma zikapanda, na zilipopanda zikanyanyua shingo ya trela pamoja nazo. Hapo nilikuwa natabasamu kwa kamera, mguu ukaacha breki. Tairi za nyuma zikashuka kwa kishindo. Pikapu ikashuka. Tufe likashuka. Shingo ya trela, kwa kuwa ilikuwa bado inakwenda juu, haikushuka.

Nikasikia "ko". Si mlio mkubwa. Nikaangalia kioo cha kati nikaona uso wa trela, lile bati jeupe, limeinuka kidogo kuliko kawaida yake. Likakaa hivyo. Halafu likaanza kuinama polepole, kwa heshima zote, na mimi bado mkono uko nje napunga.

Junior akasema, "Baba, nyumba imetoka."

Shingo ikaangukia kwenye ile minyororo iliyopishana, ikadakwa kabla ya kugusa lami. Kama ingekuwa imenyooka, shingo ingechimba lami, na leo ningekuwa naandika mengine. (Mama Junior ameomba sentensi hiyo iandikwe mara mbili. Mara moja inatosha.) Pikapu ilikuwa inaendelea mbele, minyororo ikakazika, na ule waya wangu mfupi ukawahi kukazika kabla yake. Pini ikachomoka. Breki za trela zikafunga tairi zote nne. Gari likanyongwa ghafla, vichwa vitano vikaenda mbele vikarudi nyuma. Trela likasimama katikati ya geti, futi 31, hapiti mtu kuingia wala kutoka.

Hapo palikuwa pazuri pa kuishia. Trela limesimama, watu wazima. Lakini klipu haikuishia hapo, kwa sababu akili yangu iliniambia kitu kimoja tu: rudi nyuma haraka, lirudishie pale juu, kabla watu hawajaona.

Nikaweka rivasi.

Shingo ilikuwa imening'inia chini, kwa hiyo ikapita chini ya bampa bila kupingwa. Kinachofuata nyuma ya kikombe ni jeki, na jeki imesimama wima, na kichwa chake kiko sawasawa na mlango wa nyuma wa pikapu. Ukaingia ndani mlango. Nyuma ya mlango lilikuwa sufuria la pilau. Ile kengele mnayoisikia kwenye klipu si kengele.

Nyuma yetu foleni ya watu na boti zao. Breki za trela haziachii mpaka pini irudishwe, na pini siioni. Nikaingia kwenye majani na tochi ya simu, nimepiga magoti, shemeji naye magotini, tunapapasa. Akaja mzee mmoja Mmarekani amevaa ndala, akatembea moja kwa moja hadi nyuma ya pikapu yangu, akaichukua pini iliyokuwa inaning'inia kwenye waya wake pale pale nilipoufunga, akairudisha. Breki zikaachia. Kisha akainama, akasoma namba juu ya tufe. Akasoma namba juu ya kikombe. Akasoma tena ya tufe. Akaniangalia kwa upole kabisa, akauliza unafanya kazi gani.

Nilikuwa nimevaa jaketi la kampuni, semi limechorwa kifuani.

Nikasema mimi ni mpishi. Akatazama wali barabarani, akaniamini.

Mengine yalikwenda haraka. Mzee alikuwa na tufe la inchi 2 na 5/16. Tukaweka vizuizi kwenye tairi, mbao chini ya jeki, tukanyanyua, tukafunga, tukajaribu kwa jeki, tukalisogeza hadi mahali petu. Asubuhi akanionyesha kwa futi kamba: ukingo wa bati juu ya tairi ya mbele ya pikapu yangu bila trela ni inchi 37 kutoka chini, nikining'iniza trela ni 39 na nusu. Ukifunga springi, pua irudi chini angalau nusu ya kile ilichopanda. Tukalipeleka kwa gari lake mizani ya malori, tukapima mara tatu: springi zimekazwa, springi zimelegezwa, halafu gari peke yake bila trela. Toa ekseli za gari za mara ya tatu kwenye zile za mara ya pili, unapata shingo. Ndipo nikazijua zile 1,150. Nikamuuliza kama springi zingenitosha. Akasema zitasawazisha gari, lakini hazibadilishi stika ya mlangoni, na zenyewe zina paundi kama 100.

Bei ya mlango wa nyuma siitaji, mama Junior anasoma hapa.

Kwa hiyo trela bado liko kambini na ninalipia kila usiku. Natafuta mtu mwenye pikapu ya robo tatu tani au tani moja kwa Jumamosi. Mlangoni isipungue 2,500, soketi ifike shingo 1,200, iwe na kidhibiti cha breki za trela na plagi ya pini saba. Tufe ninalo, nimenunua, nimelisoma. Maji ya tangi tutayamwaga kabla ya kuondoka. Nitumieni picha ya stika, si picha ya gari. Mafuta na pilau juu yangu.

Mwenyekiti, wewe una Corolla. Usijibu.