Kopo la Dengu Halina Kosa

Juzi nilitumiwa video ya mpishi aliyeahidi kutuonyesha kwa dakika 10 doubles, yaani vimkate viwili vya kukaangwa vyenye mchuzi wa dengu (chickpeas) kutoka kisiwa cha Trinidad katika Karibea, nami nikaitazama hadi mwisho kwa subira ambayo hakuistahili. Dakika hizo 10, kumbe, hazikuhesabu usiku mzima wa kuloweka dengu wala muda wa kuzichemsha, kazi ambayo alijisifia sana. Baada ya hapo alizimwaga juu ya tortilla za dukani, zile chapati nyembamba za Mexico, na kuzipamba kwa tomato sosi. Pilipili hakuweka kwa sababu, alisema, si kila mtu anaipenda. Ukwaju haukutajwa kabisa.

Sina ugomvi na njia za mkato. Doubles zilianza kuuzwa na familia ya Deen huko Princes Town katika miaka ya 1930, ndani ya jamii ya Wahindi ambao wazee wao waliletwa Trinidad kwa mikataba ya kazi mashambani kati ya 1845 na 1917, na hadi leo watu huzila asubuhi, wamesimama, karatasi mkononi, wakiwahi kazini. Kudai kwamba chakula cha namna hiyo hakiwi halali mpaka kimtese mpishi ni unafiki mtupu. Kinachoniudhi ni kwamba tunapunguza mahali ambapo hapakuwa na kazi yoyote, huku tukiing'ang'ania kazi ambayo kopo moja lingeimaliza.

Dengu za kopo zinafaa, tena zinafaa sana. Zisuuzwe, ziingizwe kwenye kitunguu saumu na bizari iliyokwisha kukaangwa, ziongezewe maji na magadi soda kidogo mno, kisha chache zipondwe kwa mgongo wa mwiko mpaka mchuzi ushikane. Mama mmoja jirani yangu hapa Toronto, mzaliwa wa San Fernando huko Trinidad, hufungua makopo yake mbele ya wageni bila haya, na sijamsikia yeyote akilalamika.

Mama huyohuyo, hata hivyo, hakubali mkato kwenye bara, yaani vile vimkate viwili vinavyobeba dengu, na hapo niko upande wake moja kwa moja. Donge lake la unga, manjano, bizari nyembamba na hamira ni laini kiasi cha kunata, kwa hiyo hulishika kwa viganja vilivyopakwa mafuta, akachukua kipande kidogo, akakitandaza kwa ncha za vidole mpaka kikaribie kuonyesha mwanga, na kukitelezesha kwenye karai. Kinavimba papo hapo. Anakigeuza, anakiopoa kabla hakijapata rangi ya mandazi, anakipanga juu ya vingine na kuvifunika kwa kitambaa ili mvuke uvilainishe. Kila kimoja ni suala la sekunde. Tortilla haina ulaini huo wala haiwezi kuufyonza mchuzi. Huupeleka moja kwa moja kwenye mkono wa shati. Anayeshindwa kukanda donge hilo siku za kazi alikande jioni na kuliweka kwenye friji, na huo ndio mkato ninaoutambua.

Ukwaju na pilipili ndivyo vinavyonitoa machozi, na si kwa ukali. Ni kazi gani iliyopo katika kuloweka ukwaju kwenye maji ya moto, kuukamua, na kuuchemsha na sukari na chumvi? Sisi tuliolelewa kwa bajia na chatne hatuna hata kisingizio cha ugeni. Pilipili ya Scotch bonnet ni jamaa wa karibu wa pilipili mbuzi, na shado beni, jani la Karibea lenye harufu kali inayofanana na ya kotimiri, ikikosekana, kotimiri nyingi itasaidia, ingawa harufu yake ni ya upole zaidi. Vitu hivi havina gharama, havina ustadi wa kutisha, na bila hivyo dengu hubaki dengu tu.

Kwa patty za Jamaica, zile pastri zilizojazwa nyama, nakubali, shingo upande, pastri iliyogandishwa ya dukani, mradi ipakwe yai lenye manjano na nyama ya ndani ipate thyme na pilipili yake. Haitakuwa na ule umumunyu unaotokana na mafuta ya ng'ombe, lakini italika. Festival, vimkate vitamu vya kukaangwa vya Jamaica, ni unga wa ngano, unga wa mahindi, sukari, chumvi na hamira ya unga, na bado yupo mtu anayeuza mchanganyiko huo kwenye pakiti. Hongera zake.

Kuhusu wageni wasioweza ukali, jambo hilo lilikwisha kupatiwa ufumbuzi zamani katika mitaa ya Port of Spain, mji mkuu wa Trinidad: muuzaji humuuliza kila mteja anataka pilipili kiasi gani, kidogo au nyingi, na asiyeitaka husema. Iwekwe basi kwenye bakuli pembeni, na kijiko chake.