Kreti ya Soda na Maneno Magumu

Ukitaka kusoma shahada ya pili Marekani, vyuo kadhaa bado vinakudai alama za GRE, mtihani wa kuombea nafasi ya masomo hayo. Hesabu zake mtu aliyepita kidato cha sita anazimudu. Shida ni Kiingereza. Si Kiingereza cha kuombea kazi wala cha kufuatilia mpira, ni kile ambacho hata Waingereza wenyewe wamekifungia kabatini, wanakitoa siku za wageni tu.

Tangu mtihani ufupishwe Septemba 2023, Kiingereza kina maswali 27 kwa dakika 41. Alama zinaanzia 130 mpaka 170, kwa hiyo hata ukikosa kila swali unatoka na 130, ambayo kwa mtu asiyejua inasikika vizuri tu. Kuna aina moja ya swali yenye roho mbaya kuliko zote: unapewa sentensi yenye pengo na maneno sita, uchague mawili yatakayoipa sentensi maana ileile. Ukipata moja ukakosa la pili, umekosa lote. Hakuna nusu alama. Ndiyo maana maneno haya hayasomwi moja moja. Ukilijua hili, lazima umjue na pacha wake.

Nikapakua orodha ya maneno 1,000, nikaanza kukariri kwa mtindo wa shule: andika, funika, taja. Jioni nayajua, asubuhi yamehama. Ndipo jamaa mmoja aliyewahi kuufanya akanipa siri yake. Neno lisilo na mwenyewe halikai kichwani, alisema. Kila neno lipe mtu unayemjua, mtolee mfano wa kweli, jirekodi kwenye simu, kisha sikiliza kwenye daladala.

Ushauri ulikuwa mzuri mno. Ukoo wetu ni mkubwa, una kila tabia wanayoipenda watunga mtihani. Usiku nilijifunika shuka gubigubi ili wenzangu wasinisikie, nikarekodi kwa sauti ya msoma taarifa ya habari. Asubuhi kwenye foleni ya Buguruni nimeweka hedifoni, nacheka peke yangu, konda ananitazama na kusogea kidogo.

Ikafika Jumapili ya kikao. Kaka yangu, mtoto wa Mama Mkubwa, alikuwa anaoa, na kikao kilikuwa sebuleni kwao Tabata. Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha harusi Dar es Salaam anaijua picha: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na kaunta buku lake, na ndugu ambao ahadi zikianza kutajwa wanagundua dari ni zuri. Siku hiyo mweka hazina alikuwa anapita kiti kwa kiti akikumbusha madeni. Bibi harusi mtarajiwa naye alikuwepo, kakaa na dada yake kwenye kochi.

Mdogo wetu wa kidato cha pili ndiye aliyekuwa na spika ya bluetooth. Akaniomba simu, eti yangu ndiyo yenye zilipendwa za kuwafurahisha wazee. Nikaunganisha, nikampa. Mama Mkubwa akanituma dukani nikalete kreti ya soda.

Narudi na kreti begani, nikiwa barazani nasikia mwanaume ndani anazungumza taratibu, kwa heshima zote. Nikajua mchungaji amefika.

“Garrulous,” akasema mchungaji. “Pacha wake, loquacious.”

Kreti ikawa nzito ghafla.

Wimbo ulikuwa umekwisha, na simu ikachukua faili lililofuata bila kumwomba mtu ruhusa. Hapo bado mambo yangeokolewa. Aliyenimaliza ni mama yangu mzazi. Alipoitambua sauti alinyanyua mkono. “Hebu nyamazeni! Huyo ni mwanangu, anajiandaa na mtihani wa Marekani. Ongeza sauti hapo.”

Ikaongezwa.

“Maana yake, mtu anayeongea kupita kiasi. Mfano, Shangazi. Shangazi akikupigia kuuliza kama maji yanatoka, unaweza kubandika maharage, yakaiva, ukala, ukaosha na sufuria, swali la maji bado hajalifikia.”

Sebule nzima ikaangua kicheko. Shangazi alicheka kuwashinda wote, akajipiga paja, akamgeukia aliyekaa naye. “Shangazi gani huyo jamani?”

Tuna shangazi mmoja tu.

Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Kati yangu na spika kulikuwa na viti vya plastiki vilivyobanana, meza ya vitafunwa, na miguu ya Babu, ambayo ikishanyooshwa haikunjwi mpaka wakati wa kuondoka. Nikamfanyia mdogo wangu ishara ya kuzima. Akaishika simu. Imejifunga, inadai namba ya siri. Akahamia kwenye spika, taa zake zinawakawaka bluu na nyekundu, akabonyeza kitufe cha mishale miwili. Sasa, mishale miwili haizimi. Mishale miwili inarukia faili linalofuata.

“Parsimonious. Pacha wake, miserly. Maana yake, bahili.”

Mweka hazina alikuwa amesimama mbele ya Baba Mdogo, kalamu mkononi, na Baba Mdogo alikuwa anamweleza jinsi biashara ilivyo ngumu mwaka huu.

“Mfano, Baba Mdogo. Harusi ya dada aliahidi laki tano, akatoa elfu hamsini. Siku ya sherehe akaondoka na kuku kwenye hotpoti aliyokuja nayo kutoka nyumbani.”

Safari hii hakuna aliyecheka. Kila mtu alitaka, ila kila mtu aliinamia sahani yake. Babu, ambaye masikio yameshaanza kumsaliti, akauliza kwa sauti ya juu: “Kuku wa nani?”

Mdogo wangu, jasho linamtoka, akabonyeza tena mishale miwili.

“Equivocate. Pacha wake, prevaricate. Maana yake, kujibu kwa kuzungukazunguka ili ukweli usitoke. Mfano, Kaka, akiulizwa na mchumba wake Jumamosi alikuwa...”

Kreti nilimpokeza aliyekuwa karibu, mpaka leo sijui ni nani. Nikavuka viti, nikaikumbatia ile spika na kubonyeza kila kilichobonyezeka. Ikalia, na yule mwanamke wa Kichina anayeishi ndani ya spika hizi akatangaza kwa Kiingereza chake kwamba anazima.

Kimya. Kisha kutoka kwenye kochi:

“Shemeji, hebu iwashe. Jumamosi ipi?”

Wote tukamgeukia Kaka. Kaka akakohoa. “Jumamosi? Unajua, Jumamosi ziko nyingi. Sasa inategemea mtu anaongelea Jumamosi katika maana gani, kwa sababu ukiangalia...”

Lile neno sitalisahau mpaka naingia kaburini.

Aliyetuokoa ni Baba Mdogo. Alisimama polepole, akavaa miwani, akamwambia mweka hazina ataje namba yake. Akabofya, akabofya. Simu ya mweka hazina ikaita mlio wa ujumbe, naye akausoma kwa sauti: laki tano kamili, na ya kutolea juu. Vigelegele vikapigwa. Baba Mdogo akaninyooshea kidole. “Na hilo kalirekodi.”

Baada ya hapo ilikuwa kama mtu amefungua bomba. Ndugu ambao ahadi zao zilikuwa zinadaiwa tangu kikao cha kwanza walianza kumfuata mweka hazina wenyewe, kila mmoja ananitupia jicho huku anatuma. Mwenyekiti alinivuta pembeni, karibu na friji, akaniuliza kwa kunong'ona kama na yeye yumo. Nikamwambia hayumo. Yumo, yuko kwenye “obsequious”, yaani mtu wa kujipendekeza, pamoja na jinsi anavyomchekea bosi wake.

Mama alininunia siku mbili. Nikadhani ni aibu. Siku ya tatu akaniuliza, huku anachambua mchele na hanitazami: “Ina maana katika maneno elfu moja, mimi hata moja sikupewa?”

Mtihani nikaufanyia kwenye kituo. Kabla ya kuingia simu yako inafungiwa kwenye kabati, utaratibu mzuri sana, laiti ungetumika na Tabata. Nikakaa mbele ya kompyuta nikiwasubiri ndugu zangu. Shangazi hakuja. Baba Mdogo hakuja. Katika ukoo mzima hakutokea hata mmoja. Yalikuja maneno ya ukoo wa watu wengine kabisa. Alama zikatosha, nadhani hesabu ndizo zilizonibeba.

Harusi ilifana, kuku walikuwepo wa kutosha, na hotpoti sikuiona. Ilipofika zamu ya upande wetu kupiga picha na maharusi, nilisimamishwa ubavuni mwa bibi harusi. Mpiga picha akasema tutabasamu. Akatabasamu vizuri tu, shela limetulia, macho kwenye kamera, na bila kusogeza midomo akaniambia: “Shemeji, lile faili usilifute.”