Mtunzi mkongwe jukwaani: tumdai wimbo wa redioni?

Hivi karibuni mtunzi mmoja mkongwe wa muziki wa dansi alifanya onyesho katika ukumbi mmoja hapa Tabora, na tangu usiku ule ubishi haujaisha. Kibao chake kinachopendwa kuliko vyote alikishusha kutoka ufunguo wa A hadi G, yaani kwenye sauti ya chini zaidi, akakipunguza mwendo, na akaiacha kabisa ile solo ya gitaa ya mwanzo ambayo watu wa umri wangu wanaweza kuipiga kwa mdomo. Baadhi ya waliolipa kiingilio walitoka wakilalamika kwamba wimbo walioufuata hawakuusikia. Mimi nilitoka nimeridhika, lakini malalamiko yao siwezi kuyapuuza, hasa katika mji uliozikuza Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, ambako watu wazima wanazijua zilipendwa neno kwa neno.

Hoja yao yenye nguvu zaidi haihusu kiingilio. Wimbo wa bendi haukuwa kazi ya mtu mmoja. Mtunzi alileta maneno na namna ya kuyaimba, lakini solo, rithimu na besi mara nyingi zilizaliwa mazoezini, vidoleni mwa wapigaji wenyewe, na wengi wa wapigaji hao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Anayeiondoa solo anaondoa sehemu ya marehemu asiyeweza kujitetea, ambaye pengine jina lake halikuwahi hata kutajwa redioni. Hili lilinikaa moyoni kwa siku kadhaa, na bado sina jibu linaloliondoa lote.

Hata hivyo, tunapodai wimbo wenyewe, tunadai upi? Katika miaka ya 1970 bendi zetu nyingi zilirekodi katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, wapigaji wakipiga kwa pamoja, kwa hiyo kilichobaki kwenye mkanda ni jinsi wimbo ulivyopigwa siku ile na si vinginevyo. Kwenye kumbi wimbo huohuo ulirefushwa kadiri wachezaji walivyonogewa na chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchangamka. Kwenye santuri ndogo mara nyingi ulikatwa vipande viwili, msikilizaji akalazimika kuigeuza ili asikie mwisho wake. Tulichokikariri, basi, ni umbo lililokatwa kulingana na muda uliokuwapo, na mwenye wimbo alikuwa akiubadilisha tangu zamani, usiku hadi usiku, bila sisi kumshitaki.

Pia kuna umri. Mwanamume akizeeka, sauti za juu humpungua na pumzi hufupika. Kumlazimisha mzee aimbe kwa ufunguo wa ujana wake ni kumwaibisha mbele ya watu waliokuja kumheshimu. Njia nyingine inayotumika ni pleibeki, yaani mkanda wa zamani unapigwa na mwimbaji anafuatisha kwa midomo. Waandaaji wanaipenda kwa sababu inaeleweka kimahesabu: kuleta bendi kamili kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800, pamoja na vyombo, malazi na chakula, kunaweza kumaliza mapato yote ya mlangoni. Siwalaumu kwa kuhesabu fedha zao. Lakini hapo ndipo ninapoweka mpaka. Mkanda ninao nyumbani. Nikienda ukumbini namfuata mtu, na sauti yake ya leo, hata ikikwaruza, ndiyo niliyoilipia.

Nikiri kwamba nimeelemea upande huu kwa sababu ya ubeti wa tatu. Katika rekodi, mwisho wa ubeti huo umefunikwa na tarumbeta, na kwa miaka yote nilisikia «ulikosa», nikiamini kwamba mwimbaji anamlaumu mwanamke aliyemwacha. Usiku ule tarumbeta hazikuwapo na mwendo ulikuwa wa taratibu. Mzee akasogeza kinywa kwenye maikrofoni, akavuta pumzi katikati ya mstari, akaimba «nilikosa». Silabi moja iliugeuza wimbo mzima: mwenye kosa alikuwa yeye. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu, aliyekuwa akiimba pamoja naye tangu mwanzo, alinyamaza hapo hapo.

Kama ningepata nafasi ya kumwomba jambo, ningemwomba airudishe solo, hata mara moja tu, katika ufunguo huohuo mpya, na amtaje aliyeibuni. Hilo lisingemgharimu pumzi yoyote, na wanaolalamika wangepata haki yao bila yeye kurudishwa kwenye sauti asiyokuwa nayo. Kijana wake wa solo anaiweza. Jioni, walipokuwa wakijaribu vyombo na ukumbi bado mtupu, nilimsikia akiipiga yote katika G, polepole, na mzee aliyekuwa ameketi kando ya spika akageuka kumtazama mpaka alipomaliza.