Maudhui ya tovuti: hifadhidata au faili?

Taasisi ndogo inapofungua tovuti, jambo la kwanza inaloshauriwa ni kuweka maudhui kwenye hifadhidata, yaani mfumo unaotunza data na kuitoa kila unapoulizwa, na anayependekeza faili za kawaida za maandishi huonekana amepitwa na wakati. Ushauri huo una msingi. WordPress, programu ya kuendesha tovuti iliyotoka mwaka 2003 ikitegemea hifadhidata ya MySQL, huwawezesha wahariri wengi kufanya kazi kwa pamoja, kila mmoja na mamlaka yake, na duka la mtandaoni haliwezi kuendeshwa vizuri bila hifadhidata.

Hata hivyo, kurasa nyingi huandikwa mara moja na kusomwa mara maelfu, na njia ambayo programu huitumia kuiuliza hifadhidata kwa niaba ya msomaji ndiyo hiyohiyo anayoweza kuipitia mvamizi. Tarehe 15 Oktoba 2014 ilitangazwa kasoro katika Drupal 7, programu nyingine ya kuendesha tovuti, iliyomruhusu mtu yeyote, bila nywila, kupenyeza amri zake kwenye hifadhidata. Wiki mbili baadaye wasimamizi wa usalama wa Drupal walionya kwamba tovuti ambayo haikurekebishwa ndani ya saa 7 tangu tangazo ihesabiwe kuwa imevamiwa. Kwa majira ya Afrika Mashariki, muda huo ulikwisha saa 8 usiku. Ni taasisi ngapi zenye fundi mmoja ambaye saa hiyo yuko macho? Tena kurekebisha programu baada ya hapo hakukumwondoa mvamizi aliyekwisha kuingia. Ilishauriwa kurejesha nakala ya kabla ya tarehe 15, na yote yaliyoandikwa baadaye yakaguliwe upya.

Kwa Jekyll au Hugo, programu zinazogeuza faili za maandishi kuwa kurasa za tovuti, kurasa hutengenezwa kabla msomaji hajafika, na seva huzitoa kama zilivyo, bila hifadhidata ya kuulizwa. Seva yenyewe yaweza kuvamiwa, ni kweli, lakini faili zikitunzwa kwa Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya faili, kompyuta ya kila mhariri huwa na nakala kamili pamoja na historia ya kila badiliko.

Git humsumbua mwandishi asiyeizoea, na wawili wakigusa aya moja, mabadiliko yao hugongana. Kwangu mimi, siku chache za mafunzo ni gharama nafuu kuliko usiku ule wa Oktoba. Sehemu ya maoni ya wasomaji, ikihitajika, ipewe hifadhidata yake ya pembeni, ili hata ikivamiwa makala zenyewe zisiguswe.