Ukiomba spana Marekani

Fundi aliyefundwa kazi mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, akiingia gereji ya Marekani na kuomba "spanner", asishangae akiletewa chuma chenye ndoano au pini mbili mwishoni. Huku hiyo ndiyo maana yake: kifaa cha kuzungushia ringi yenye matundu au mapengo, kama viungo vya mipira ya zimamoto. Spana yetu ya kila siku wanaiita "wrench".

Na wapo watakaokucheka kwamba unasema Kiingereza cha kikoloni. Hawana hoja. Waingereza waliliazima neno hilo kwa Wajerumani karne ya 17, kutoka kitenzi "spannen", yaani kuvuta kitu hadi kikaze. Spana ya mwanzo haikuhusika na nati. Ilikuwa ya kuzungushia springi ya bunduki kabla ya kufyatua. "Wrench" nalo ni la Kiingereza cha kale, lenye maana ya kusokota, na Waingereza hawajalitupa: spana ya kupimia nguvu ya kukaza wanaiita "torque wrench" mpaka leo.

Jina utalizoea kwa wiki moja. Kinachosumbua ni saizi. Nyumbani tumelelewa na Toyota: kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba, kumi na tisa, basi. Kila mtu anajua ni milimita, hata asipoitaja. Marekani magari ya sasa mengi ni ya milimita, ila matrela, mashine za shamba na magari ya zamani bado ni ya inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Hapo kuna mtego. Nati ya robo tatu inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo spana ya 19 mara nyingi inaingia bila ubishi. Nati ya 9/16 ni 14.29: spana ya 14 haiingii, ya 15 inaingia ikiwa na nafasi ya milimita 0.7 hivi. Ukitia nguvu, inashika kwenye kona badala ya ubapa, pembe zinalika, na nati inabaki duara. Kwa maoni yangu hesabu ya milimita ni bora mara kumi, kwani hakuna sababu ya fundi kukokotoa kama 7/16 ni kubwa kuliko 3/8 akiwa chini ya gari.

Lakini nidhamu ya saizi wametuzidi, na tukubali. Kwetu spana malaya, ile ya kupanua na kubana mdomo (jina lisilotamkika mbele ya mkwe, ila duka lolote la vifaa watakuelewa) imefanywa jibu la kila nati. Mswidi Johan Petter Johansson, aliyepata hataza ya umbo lake la kisasa miaka ya 1890, aliipa meno mawili yasiyolingana: moja halisogei, jingine linasogezwa na skrubu. Nguvu inatakiwa ibebwe na lile lisilosogea, kwa hiyo mpini uzungushwe kuelekea upande wa jino linalosogea, baada ya kukaza skrubu mpaka isicheze. Ukiigeuza, jino linaachia kidogo kidogo na pembe za nati zinaondoka nalo.

Tabia nyingine ya kuacha ni kuchomeka bomba kwenye mpini ili kukaza nati za tairi. Corolla nyingi zinataka Nm 103 tu (Nm ni newton-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), na bomba la mita moja linapita hapo kabla hujatoa jasho. Ukinunua spana ya kupimia huku, angalia vizuri, kwani nyingi zina mistari miwili ya namba. Nm 103 ni sawa na 76 kwenye mstari wa futi-pauni. Ukiweka 103 kwenye mstari huo utakuwa umekaza kwa Nm 140 hivi, na kuzidisha hivyo kunaweza kudhoofisha stadi, zile bolti zinazoshika tairi, bila dalili yoyote ya nje.