"Mama, leo nimekosa nini?"

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika alfajiri. Mwenye watoto Dar anaijua asubuhi ya namna hiyo: umeme hakuna, uwanja umejaa madimbwi, vyura bado wanaita, na magugu ambayo jana hayakuwapo leo yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nikavaa kandambili, nikachukua kijembe kidogo, nikamwita mwanangu mkubwa. "Baba, njoo tupalilie tuta lako kabla jua halijawa kali."

Akaja mpaka mlangoni, akasimama, mikono nyuma. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, leo nimekosa nini?"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwambia arudie. Akarudia, macho yakiwa sakafuni.

Ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Nilipombembeleza ndipo yakatoka. Alhamisi, siku ile barabara yetu ilipojaa maji na bajaji ikashindwa kuvuka, alifika shule kengele imeshalia. Wachelewaji wote wakapangwa mstari, kila mmoja akapimiwa kipande chake cha kulima nyuma ya madarasa. Waliambiwa kwamba asiyejua kuwahi akalime. Wenzake walikuwa wanachungulia dirishani wakiwacheka. Hakunisimulia siku ile kwa sababu aliona haya.

Leo ni siku ya tano na jambo hili halijanitoka. Naandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha.

Huyu ni mtoto ambaye masika ya mwaka juzi alilala na mbegu za bamia chini ya mto, amezifunga kwenye kipande cha gazeti, akiogopa zisije zikaibiwa. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka nje mvua zikianza, kabla hata sijanywa chai. Miaka miwili nimekuwa nikijenga kitu ndani ya mtoto huyu, taratibu, kwa mikono yangu, na asubuhi moja ya adhabu imekibomoa.

Sisi ni wapangaji. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja cha hatua kumi kwa nne, kati ya ukuta na kamba ya kuanikia nguo, upande ulio mbali na karo la choo. Udongo wake ni mchanga mtupu. Mwaka wa kwanza jirani anayefuga ng'ombe alitupatia salfeti mbili za samadi iliyokwisha kuoza, tukaichanganya na majani makavu na maganda ya jikoni, tukasubiri Machi ifike. Mvua za kwanza zilipolowesha ardhi, niliwalaza watoto chini mmoja mmoja, chali, nikakwaruza mstari kichwani na mwingine miguuni. Tuta la kila mmoja likawa na urefu wake mwenyewe. Tangu hapo kila masika tunapima upya. Mkubwa ameongeza tuta lake karibu shubiri nzima, na mdogo wake, ambaye ana miaka mitatu na nusu, hujinyoosha mpaka vidole vya miguu apate ardhi zaidi.

Tunapanda vitu vinavyowahi, maana mtoto hana subira ya mwaka. Mchicha huota ndani ya wiki na kuchumwa baada ya wiki nne hivi. Mbegu zake ni ndogo mno kwa vidole vya mtoto, kwa hiyo tunazichanganya na mchanga mkavu kwenye kopo la maziwa, anazinyunyiza kama anayetia chumvi. Matembele ndiyo zao la mdogo. Unakata marando yenye urefu wa mkono mpaka kiwiko, unafukia nusu, basi. Hata ukiyapanda vibaya yanashika. Bamia ni ya mkubwa, inataka miezi karibu miwili, naye anaweza kungoja sasa. Kunde ni ya wote.

Na kunde ndizo zilizonifundisha mimi. Mwaka wa kwanza, siku ya tatu baada ya kupanda, nilimkuta mdogo amechutama kwenye tuta anafukua mashimo yote, moja baada ya jingine. Nilifungua mdomo nimgombeze. Akanyanyua kiganja akanionyesha. Ile kunde ilikuwa imevimba, imepasuka ubavuni, na kutoka kwenye ule mpasuko umetokeza mkia mweupe, mfupi, umepinda, una chembe za mchanga zilizong'ang'ania. Akasema, "Mama, imeamka." Nimelima tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kuiona kunde saa ile. Nilikuwa nafukia, nakwenda zangu, narudi majani yakishatoka. Tulizirudisha zote ardhini, mkia ukiangalia chini, na nyingi zikaota.

Sasa niambieni, mtoto aliyekwisha kuona hilo, unawezaje kumwambia kwamba udongo ni mahali pa waliokosa?

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi miaka ya tisini tunaijua adhabu hii. Mimi nilisoma mkoani Morogoro. Kiranja alipima kipande kwa hatua zake ndefu, akachomeka kijiti, ukapewa jembe lenye mpini uliolegea, ukalima mpaka malengelenge yapasuke. Jioni nilirudi nyumbani nikamkuta bibi yangu naye anarudi shambani, jembe begani, kaniki imetapakaa udongo, amebeba kuni na boga la kutupikia. Mikono yake ilikuwa migumu kama gome la mti. Nikiwa na miaka minane nilimtazama nikajiuliza bibi alikosa nini maisha yake yote hata akapewa adhabu isiyoisha.

Hilo ndilo linaloniuma. Jembe tunalomtishia mtoto ndilo lililomlisha. Tukamwongezea na ile sentensi ya nyumbani, "usiposoma utaishia kulima," tukiitamka mbele ya babu na bibi waliouza mahindi ili sisi tulipiwe ada. Zaidi ya nusu ya Watanzania wanaofanya kazi wanaishi kwa kilimo. Mtoto anayefundishwa kwamba kulima ni fedheha amefundishwa kuwaonea haya ndugu zake, tena kabla hajajua kuandika jina lake la ukoo. Kisha akifika miaka ishirini tunamwitia semina, tunamshangaa kwamba vijana hawapendi kilimo!

Wala si jambo jipya kwetu. Wamatumbi wa Nandete, kusini mwa nchi yetu, walipong'oa miche ya pamba Julai 1905, na Vita vya Maji Maji vikaanza, walikuwa wakulima hodari waliokuwa na mashamba yao. Walichokikataa ni kulimishwa na wakoloni wa Kijerumani, kwa viboko, shamba lisilo lao. Tulipojitawala tukasema tutalirudishia jembe heshima yake. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na ndani yake alitaka shule ziwe na mashamba. Lakini alitaka pia wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, na waone kwa macho matunda ya jasho lao. Mashamba tuliyachukua. Hilo la pili tuliliacha njiani. Shuleni kwetu mahindi tuliyolima sikumbuki hata siku moja kuyala.

Najua nitakachojibiwa. Mwalimu ana watoto mia moja darasani, wanaochelewa ni thelathini, utamwambia afanye nini? Na kung'oa nyasi si afadhali kuliko viboko? Nakubali, kwa shingo upande, ni afadhali kuliko viboko. Mwanangu hakurudi na alama mwilini na kwa hilo nashukuru. Najua pia kazi ya mwalimu ni nzito na mshahara wake hautoshi. Lakini watoto thelathini waliochelewa kwa sababu ya mafuriko hawakuhitaji kuadhibiwa kabisa. Kama uwanja una nyasi, shule nzima iwe na zamu ya kuzing'oa, waliowahi na waliochelewa, na mwalimu mbele yao.

Na kabla sijamnyooshea mtu kidole, nina langu la kusema. Usiku wa Jumamosi nililala macho nikakumbuka kwamba Februari, huyu huyu mkubwa alipompiga mdogo wake kwa mwiko, nilimwambia, "Toka, nenda ukamwagilie mpaka akili zikurudie." Nilisema mimi, kwa kinywa changu, na ndoo nikamkabidhi. Kwa hiyo shule haikuanzia patupu. Mbegu ile nilikuwa nimeshaipanda mwenyewe. Nimemwomba mwanangu radhi. Alinitazama kama aliyeshangaa kwamba mama naye huomba radhi.

Tangu hapo nyumbani kwetu kuna sheria, na nimewaambia baba yao na dada anayetusaidia kazi. Bustani haitajwi mtu akikosa. Mtoto hapelekwi bustanini, anaalikwa, na akikataa haulizwi mara mbili. Akichoka baada ya dakika kumi amechoka, aende akacheze. Na kazi yake hairudiwi. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mstari wake umepinda, mchicha umesongamana pembe moja na pengine pako wazi, mkono unakuwasha urekebishe akishalala. Usirekebishe. Akiamka akaukuta umenyooka atajua kwamba tuta si lake, ni lako, yeye ni kibarua tu.

Watu huniambia fungu la mchicha sokoni ni pesa kidogo, ya nini kujichosha na matope. Ni kweli, na mboga nyingi bado nanunua. Sijawahi kudai kwamba matuta yetu yanalisha nyumba. Wengine husema hawana uwanja. Salfeti moja ya udongo kibarazani inabeba matembele ya kutosha kumfurahisha mtoto mmoja. Na wale wanaosema mtoto akipanda mboga ataila, nusu ni kweli. Mkubwa hula mchicha wake wa nazi mpaka anafuta sahani kwa ugali. Mdogo matembele bado anayatema, hata aliyoyapanda mwenyewe, nami simlazimishi.

Matope yanaoshwa. Viatu ni lazima, kwa sababu minyoo ya safura hupenya nyayo, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chochote cha kula. Samadi mbichi usiitie, itaunguza miche na ina vijidudu. Makopo ya kumwagilia yapinduliwe kila jioni, Dar tumeona homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake anaridhika na maji kiasi cha kifuniko. Dawa za wadudu zenye sumu hazikanyagi kwangu. Wadudu mafuta wakija tunanyunyiza majivu asubuhi umande ukiwa bado majanini.

Na jongoo msiwaue. Masika haya wamejaa, na mdogo amewapenda mapenzi ya ajabu. Humgusa mmoja kwa ncha ya kijiti, jongoo anajizungusha anakuwa kama sarafu nyeusi, naye anachutama mbele yake, kimya, mpaka ajikunjue tena na miguu ile yote ianze kwenda kama wimbi. Siku nyingine anangoja dakika nyingi hivyo bila kusema neno. Mtoto ambaye mezani hakai dakika mbili.

Jumamosi ile mkubwa hakutoka nje. Nilipalilia tuta langu, lake nikaliacha na magugu yake. Jumapili pia hakutoka. Jumatatu alivaa viatu vya shule giza halijaisha, amekaa mlangoni, anauliza kila baada ya muda kama bajaji imefika. Nililia jikoni.

Jana mchana, Jumanne, nilikuwa naanua nguo kabla ya mvua. Nikasikia mdogo anapiga kelele kule nyuma, "Kaka, lako limefungua! Kaka!" Bamia ya kwanza ilikuwa imetoa ua. Mnalijua lile ua, la manjano laini kama karatasi, ndani kabisa lina zambarau iliyoiva, na halidumu siku mbili. Mkubwa akatoka peku, nikanyamaza hata kuhusu viatu. Akachutama, akaweka kidole ndani ya ua, akakitoa kina unga wa manjano. Akakaa pale. Kisha mkono ukaenda kwenye gugu moja lililokuwa karibu na shina, akaling'oa. Akang'oa la pili. Akageuka akaniona nimesimama na nguo mabegani, akaacha.

"Nilikuwa naliondoa tu," akasema haraka, kama anayejitetea.

Nikamwambia tuta ni lake, afanye apendavyo, nikaingia ndani na nguo zangu. Kupitia dirishani nikamwona ameendelea.

Kesho nampeleka shule mwenyewe. Nimeomba kuonana na mwalimu wake kabla ya vipindi, na nimejiandaa kuongea naye kwa upole, mzazi kwa mzazi. Nilitaka kumpelekea fungu la mchicha, na mchicha ulio tayari ni wa tuta la mwanangu. Nimemwuliza kama atanipa. Amesema atafikiria.